Boksi la Injini ya Kiatu

Kila alfajiri nyumba yao iliamshwa na kikohozi cha gari. Baba aliwasha, gari likakohoa. Akawasha tena, likakohoa zaidi. Kisha alitoa kichwa dirishani na kuita, "Haya, wenye miguu!" Hapo mama na binti yake walitoka wakiwa bado na usingizi machoni, wakalisukuma gari mpaka mteremkoni. Likishika moto, baba hakusimama kusema asante, kwa sababu akisimama tu lilizima. Alikwenda moja kwa moja tanurini kuchukua mikate ya kusambaza madukani, nao wakarudi ndani wakinuka moshi.

Gari lenyewe lilikuwa dogo na la zamani, lenye milango miwili, mbele limechongoka na nyuma limeinuka kama kisigino. Mtaa mzima uliliita Kiatu. Babu ndiye aliyelinunua likiwa jipya, akamrithisha baba. Binti naye aliitwa Futi, kwa sababu tangu akiwa darasa la tatu alitembea na futi ya chuma mfukoni, ile inayojikunja yenyewe, akipima milango, madawati na hata masikio ya wenzake. Alipewa na shangazi yake, dada mkubwa wa baba, ambaye alikuwa fundi wa magari mwenye gereji yake mtaa wa pili.

Mtaa huo ulikuwa na ulimi mbaya. Mtu akijikwaa, watu walicheka kwanza, ndipo wakauliza kama ameumia. Na bingwa wa kucheka alikuwa baba yake Futi. Ndiye aliyembandika jirani mwenye mguu mfupi jina la Mkasi, na jina likamganda mpaka wanawe wakaitwa watoto wa Mkasi. Futi alimpenda baba yake, lakini aliuogopa ulimi wake kuliko fimbo. Fimbo huuma mara moja ikaisha.

Asubuhi moja Kiatu hakikukohoa kabisa. Shangazi aliitwa, akafungua boneti, akamulika tochi, akainuka akijifuta mikono.

"Injini imepasuka ubavuni," alisema. "Hii si mgonjwa tena, ni maiti. Na spea zake hazitengenezwi siku hizi."

"Kwa hiyo nikizike?" baba aliuliza.

"Mwili wake bado ni mzima. Tutafute injini iliyotumika, ya gari la umri mdogo, tuipandikize humu. Lakini kwa mpango. Injini ngeni haiingizwi kwa hasira."

Mpango ulihitaji haraka pia, maana mwenye tanuri, aliyejulikana kama Bosi wa Mikate, alikuwa amekwisha sema neno lake. Angevumilia mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo njia ya baba ya kugawa mikate angempa kijana mwenye pikipiki ya magurudumu matatu, na nyumba nzima ilikula kutokana na njia hiyo.

Jioni hiyo walikaa jikoni. Shangazi alichukua chaki akaandika mgongoni mwa mlango kila kitakachotaka fedha: injini, mipira ya kuishikia, rejeta kubwa zaidi ya kupozea injini, bomba la moshi, oili, nauli ya kuibeba. Futi ndiye aliyejumlisha, na alijumlisha vizuri. Mwisho kabisa Shangazi akaandika neno moja, *dharura*, akaliwekea fungu nono.

"Dharura ndiyo nini?" baba alifoka. "Unaliita balaa kwa jina ili lije?"

"Balaa halingoji kuitwa, mdogo wangu. Kwenye kazi hii lazima kitu kimoja kikatae. Sijui kipi, ila kipo."

Baba aliguna. Kisha akamwona binti yake akiutazama mlango ule, akacheka. "Basi tupatane hivi. Dharura isipotokea, hela yote hiyo ni baiskeli ya Futi. Kwenda shule kwa mguu kumemchakaza viatu."

Futi aliijua tayari baiskeli yenyewe. Dukani karibu na shule kulikuwa na baiskeli ya buluu yenye kengele, na yeye na rafiki yake wa mlango wa pili, msichana mrefu aliyeitwa Twiga, kila siku walisimama kuitazama wakigombania ni ya nani.

"Usifanye hivyo," Shangazi alisema. "Unampa mtoto sababu ya kuombea mambo yaonekane mazuri." Lakini baba alikuwa ameshaahidi, na mama alikuwa ameshacheka, na maneno ya Shangazi yakapotea kwenye mlio wa vyombo.

Shangazi alikuwa na desturi moja ambayo mafundi wengine waliidhihaki. Hakununua injini mpaka kwanza aitengenezee mwili wa boksi. Alikwenda na Futi kwenye uwanja wa vyuma vilivyotumika, wakaipima injini waliyoichagua, juu, chini na ubavuni, hasa sampu, yaani lile bakuli la oili linaloning'inia chini kama tumbo. Kisha Futi akakata maboksi ya sabuni, akayaunganisha kwa selotepu ya kahawia, mpaka akapata kitu chenye ukubwa uleule wa injini, tumbo na yote.

"Sasa sikiliza," Shangazi alimwambia walipokwisha kukitoa kile chuma kilichokufa ndani ya Kiatu. "Kesho nina lori la mteja, sitakuwepo. Ukitoka shule, lishushe boksi mahali pa injini. Likiingia, injini itaingia. Likigoma, tutajua tukiwa bado na hela mkononi, na dharura itamlipa fundi wa kuchomelea atubadilishie sampu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Shangazi."

Na kweli alielewa. Hilo ndilo lililomfanya asiweze baadaye kusingizia utoto.

Siku iliyofuata alilishusha boksi taratibu. Likashuka vizuri, likashuka tena, halafu likakwama. Alilala chini, akachungulia. Tumbo la boksi, upande wa mbele, lilikuwa limekalia kile chuma kinachokingama kutoka gurudumu hadi gurudumu. Ziada ilikuwa upana wa vidole vitatu tu. Futi alipima, akapima tena kwa upande mwingine kana kwamba huko vidole vingepungua.

Alikaa kwenye udongo akiifikiria baiskeli ya buluu. Akaanza kujishawishi. Boksi ni nene kuliko chuma. Selotepu imezidisha. Injini ni nzito, ikishushwa itajikalia yenyewe. Kila neno lilikuwa uongo na alilijua, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeipima injini. Hatimaye akaingia ndani, akachukua wembe wa mama. Karatasi haikubisha. Aliikata ile pembe ya tumbo, akaziba pengo kwa selotepu, akalishusha boksi tena. Likaingia.

Shangazi alikuja jua likizama, mgongo ukimuuma kwa kulala chini ya lori. Alisimama mbele ya Kiatu, akalisukuma boksi huku na huku.

"Limeingia lenyewe?"

"Limeingia, Shangazi."

"Hukuliminya?"

"Sikuliminya hata kidogo."

Shangazi alitaka kuinama atazame chini, akashika kiuno, akaghairi. Alimpigapiga Futi begani. "Mkono wako naujua," alisema. Futi alitamani asingesema hivyo.

Kesho yake baba alinunua injini. Shangazi alimsihi asiguse fungu la dharura mpaka injini iwake. Baba akamjibu, "Boksi limeingia, unataka nini tena?" Jioni aliingia uani akiikokota baiskeli ya buluu huku akipiga kengele. Twiga alitoka mlangoni kwao, akaitazama, akarudi ndani.

Jumapili walikusanyika watu kama kwenye harusi. Injini ilining'inia kwenye mnyororo wa kunyanyulia, Shangazi akiiongoza kwa mkono. Ikashuka vizuri, ikashuka tena, halafu ikagonga. Chuma kwa chuma kina sauti mbaya. Shangazi akaipandisha, akaizungusha kidogo, akaishusha. Ikagonga palepale.

"Nini?" baba aliuliza.

"Sampu imekaa juu ya chuma cha mbele."

"Si ulipima?"

Nyuma mtu mmoja alicheka, na kicheko kikapata wenzake. Baba alizoea kuwachekesha watu, hakuzoea kuchekwa, na aibu ilipomfika aliitupa kwa aliyekuwa karibu.

"Tazameni fundi!" alipaza sauti. "Nilijua siku nyingi. Huyu ni fundi wa kutengeneza maboksi. Fundi Boksi! Gari la baba yetu umelifanya kabati la chuma chakavu. Kama ulishindwa kuolewa ukaona gereji ndiyo mume, basi hata huyo mume humjui!"

Watu waliangua kicheko. Mama alisema, "Jamani, ni dada yako," lakini hakuna aliyemsikia. Futi alisimama ameshika usukani wa baiskeli yake. Sasa hivi nasema, alijiambia. Kisha akamwona baba akigeuka huku mshipa wa shingo umesimama, akaona sura zote zile zikingoja mtu mwingine wa kuchekwa, akameza neno.

Shangazi alilala chini ya Kiatu akamulika tochi. Alipotoka, alilitazama boksi lililokuwa limetupwa karibu na ukuta, akaligeuza kwa mguu, akalitazama tumbo lake. Halafu akamtazama Futi, kwa muda mrefu kidogo. Akakusanya vyombo vyake, akaondoka.

Mwenye kuuza injini hakutaka hata kusikia habari ya kuirudisha. "Hukuuziwa mbuzi kwenye gunia," alimwambia baba. "Mlikuja mkapima wenyewe." Na fungu la dharura, ambalo lingeweza kuokoa kila kitu, lilikuwa limeegeshwa uani likiwa na kengele.

Jina la Fundi Boksi lilifika gerejini kabla ya Shangazi mwenyewe. Watoto waliliimba. Katikati ya wiki Futi alipita hapo kwa baiskeli akitoka shule, akamkuta yule mteja wa lori akilifunga kamba lori lake, nusu likiwa limefunguliwa, livutwe na jingine.

"Sina ubaya na wewe, mama," mwenye lori alisema. "Ila mtu aliyeshindwa kupima boksi, mimi anipimie breki?"

"Ni haki yako," Shangazi alimjibu, akamsaidia kufunga kamba. Lori lilipokwisha kuondoka akamwona Futi.

"Baiskeli inakwenda vizuri?"

"Inakwenda, Shangazi."

"Vizuri," alisema, akarudi ndani. Gereji ilikuwa tupu. Futi alikokota baiskeli kwa mkono mpaka nyumbani.

Nyumbani alikuta watu wawili wenye mzani. Walikuwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Bosi wa Mikate alikuwa ametuma salamu kwamba yule kijana wa magurudumu matatu ameshaanza kujifunza njia, na baba alikuwa amekata tamaa. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti, kofia ya babu mikononi, akiwasikiliza wale watu wakibishana kama Kiatu kikatwe hapohapo au kibebwe. Hakuwa na mzaha hata mmoja mdomoni. Futi hakuwahi kumwona hivyo.

Aliingia stoo, akachukua lile boksi, akakimbia nalo mpaka gerejini.

"Shangazi, nilikata mimi," alisema kabla hajavuka mlango. "Lilikwama. Nikalikata kwa wembe. Nilitaka baiskeli."

"Najua," Shangazi alisema.

"Unajua?"

"Tangu Jumapili. Selotepu ya juu umeibandika kabla ya kukata, ya chini umeibandika baada. Hata rangi zake haziko sawa."

Futi alianza kulia. "Mbona hukusema?"

"Nilitaka kuona utaniacha nichekwe mpaka lini. Sasa nimejua. Siku nne na lori moja." Hakumkumbatia, wala hakumpa kitambaa. "Nyamaza kwanza, utalia baadaye. Nasikia baba yako kawaita watu wa mzani. Wameshafika?"

"Wamefika."

"Basi twende. Utasema palepale uliponyamaza, mbele ya walewale waliocheka."

Na alisema. Alisimama mbele ya Kiatu huku wale watu wawili wameshika mzani wao, Twiga na nusu ya mtaa wakichungulia, akaeleza kuhusu wembe, pembe na baiskeli. Alingoja ulimi wa baba. Baba alifungua mdomo, akaufunga. Alimtazama dada yake, akainamisha kichwa. Kwa mtu wa maneno mengi kama yule, kimya kile kilimchapa Futi kuliko tusi lolote.

"Mkuki kwa nguruwe," mama alimwambia baba polepole, mbele ya watu wote. "Leo umeonja wa kwako. Mtoto kakosa, sawa. Lakini angekuja siku ileile kama nyumba hii isingekuwa na watu wanaongoja wa kumcheka."

Baba aliiweka kofia chini. "Dada," alisema, "nimekuvunjia heshima bila kosa. Nisamehe."

"Nimekusikia," Shangazi alijibu, akawageukia wale wa mzani. "Na nyie rudini kwenu, hapa hamna maiti."

Baiskeli iliuzwa usiku huohuo kwa baba yake Twiga, kwa bei ya chini, kwa sababu mwenye shida hapangi bei. Fedha hiyo ilitosha kumlipa fundi wa kuchomelea na kununua bati nene la kuzibia, basi. Sampu ilifunguliwa, ikaoshwa, na Shangazi akachora kwa chaki mstari mahali penye ile pembe. Kisha akampa Futi msumeno wa chuma.

"Si una grenda ya umeme, Shangazi?" Futi aliuliza.

"Ninayo. Ni ya watu wasiokuwa na haraka ya kukata."

Kwenye boksi pembe ile ilichukua dakika moja. Kwenye chuma ilimla Futi jioni zote za wiki. Msumeno uliteleza, ukamchana kidole. Malengelenge yalitoka, yakapasuka, yakatoka mengine juu yake. Jioni ya pili Twiga alipita kwa baiskeli ya buluu, akapiga kengele, akazunguka, akapita tena akapiga kengele tena. Futi hakuinua kichwa, na machozi yakadondokea kwenye mstari wa chaki mpaka ukamlazimu Shangazi auchore upya.

Siku pembe ilipoanguka sakafuni, fundi wa kuchomelea aliziba pengo kwa bati, akapinda na mrija wa kunyonyea oili ufike pale ilipo. Injini ikashushwa. Safari hii hapakuwa na watazamaji, kwa sababu jambo linalokwenda sawa halina mvuto mtaani. Ikashuka, ikashuka tena, ikakaa. Baba aliwasha mara moja tu, na Kiatu kikanguruma bila kukohoa.

Bosi wa Mikate hakurudisha njia yote. Maduka ya mbali alimwachia kijana wa magurudumu matatu, na baba akabaki na ya karibu. Walikula, ila nyama iliadimika. Mwenye lori hakurudi kamwe. Na jina la Fundi Boksi halikufa pia, maana mtaa ule ukikupa jina haupokei tena.

Jumamosi moja Futi alikwenda gerejini bila kuitwa, akaanza kufagia. Shangazi alimwacha afagie mpaka mwisho, ndipo akamwita wakakaa kwenye tairi.

"Unadhani nilikukasirikia kwa sababu boksi lilikwama?" alimuuliza. "Boksi kukwama ndiyo kazi yake. Nalitengeneza ili likwame mapema, tungali na hela na siku za kurekebisha. Bajeti nayo ni boksi. Ile dharura mlangoni haikuwa uchuro wala zawadi, ilikuwa nafasi ya kukosea. Mlichofanya wewe na baba yako ni kuila nafasi hiyo, kila mtu kwa meno yake. Na mimi ninalo langu, nilipaswa kuinama nikatazame. Niliuamini mkono wako, nikausikiliza mgongo wangu."

"Utaniamini tena?"

"Sijui," Shangazi alisema bila kumung'unya maneno. "Uongo unaukata kwa wembe, ukweli unaurudisha kwa msumeno. Tutaona unachukua muda gani." Akamsukumia rundo la maboksi ya sabuni. "Kuna mtu mmoja tu aliyeniletea kazi wiki hii, gari dogo la kijani lile pale. Anataka injini kubwa zaidi. Vipimo hivi hapa. Mimi naenda kunywa chai."

Futi alikata, akabandika, akapima. Vidole vilikuwa bado vimekakamaa. Alipolishusha boksi ndani ya lile gari la kijani, likashuka nusu, likakwama kwenye rejeta. Mezani, karibu na mkono wake, Shangazi alikuwa ameacha wembe.

Aliutazama. Kisha akauacha palepale, akatoka nje mpaka Shangazi alipokaa na chai yake, na mbele yake alikuwa ameketi mwenye gari, mteja pekee waliyebakiwa naye.

"Haliingii, Shangazi," alisema kwa sauti ambayo mteja aliisikia vizuri.

Mteja alikunja uso. Shangazi alishusha kikombe, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili alitabasamu.

"Umesikia, bwana?" alimwambia mteja. "Haliingii. Sasa tuongee kuhusu hela yako, ungali nayo mkononi."